Miguu ya Shahidi

Nyakunguru, Ijumaa, 1 Machi 1957

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi kwa jina la mama aliyekuzaa, usimwambie mtu neno hata moja lililomo. Usimwambie hakimu, usimwambie padre, usimwambie hata rafiki unayemwamini, kwa sababu na yeye ana rafiki anayemwamini. Mimi ni Benedicto, karani wa baraza hapa Nyakunguru. Nina miaka ishirini na mmoja na kazi hii nimeipata mwaka jana tu. Nimefanya kosa, na nikilificha kifuani nitaugua. Ndiyo maana naliandika.

Leo nilikuwa natafuta vibali vya kuhamisha ng'ombe. Katikati ya jalada hilo nikakuta barua ya Bhoke, mjane wa bondeni. Aliileta mwenyewe mwezi wa Novemba. Nilimwambia, "Nimeipokea, mama," nikaigonga muhuri, kisha nikaiweka kwenye jalada lisilo lake. Hakimu hakuiona kamwe.

Barua inaomba kesi ya shamba lake isikilizwe kabla ya masika, kwa kuwa shahidi ni mmoja tu, Mzee Nyangwine, na magoti yake yanazidi kuharibika. Sasa ni Machi. Mvua ilianza jana. Barua nimeitia ndani ya Biblia yangu, na tangu mchana siwezi kula.

Jumatatu, 4 Machi

Kesi ya Bhoke imetajwa leo. Naieleza hapa kwa utaratibu, maana nikiandika kwa utaratibu moyo unatulia.

Bhoke aliolewa na mwanamke mwenzake, bibi Mokami, kwa desturi yetu ya nyumba ntobu: mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, huoa msichana, na watoto wa msichana huyo huwa wa nyumba yake. Mokami alifariki mwaka jana. Jirani yake Simioni anasema kipande cha chini, karibu na kijito, kilikuwa cha marehemu baba yake, naye ndiye anayekilima. Bhoke anasema ni cha Mokami. Aliyekuwepo Mokami alipokatiwa shamba, na bado yu hai, ni Nyangwine peke yake. Nyangwine ni baba mdogo wa Simioni.

Hakimu wetu, Mzee Machage, ameamua kwa desturi. Anayeonyesha mpaka hupita juu yake peku, kwa miguu yake. Fimbo moja anaruhusiwa. Hashikwi mkono, hapandi punda, habebwi. Wazee wanasema mtu aliyebebwa hufika anakotaka mbebaji.

Simioni alisimama kwa adabu. "Mheshimiwa, baba mdogo hawezi hata kwenda haja bila kushikwa. Namlisha mimi, namuogesha mimi. Mwacheni aseme neno lake akiwa amekaa kitini."

"Neno la kitini litabaki kitini," hakimu akajibu. "Mpaka uko shambani."

Siku imepangwa: Jumanne, tarehe 18 Juni, mvua zikiisha. Asipoweza kupita, kipande kitabaki kwa anayekilima. Niliandika maneno hayo kwa mkono wangu. Mwezi wa Novemba mzee alikuwa bado anatembea hadi kanisani.

Jumatano, 6 Machi

Nimempelekea Mzee Nyangwine hati ya kuitwa shahidi. Nilimkuta amekaa juu ya ngozi, miguu imenyooshwa. Magoti yake yamevimba kama vibuyu, na mapaja yamekuwa membamba kuliko magoti. Sijawahi kuona hivyo kwa mtu aliye hai.

"Shikamoo, tata," nikamwamkia, maana ndivyo sisi tumwitavyo baba.

"Marahaba. Wewe ndiye mtoto wa kalamu? Weka karatasi yako hapo, itanisaidia kuwasha moto."

Simioni aliingia na maziwa, akambeba mzee mikononi kama mtu abebavyo ndama, akamweka juani. "Pumzika, baba mdogo. Usijisumbue." Nilimwona mtu mwema. Naandika hilo ili niwe mkweli.

Jumamosi, 9 Machi

Kwenye dispensari kuna dresa anayefunga vidonda na kugawa vidonge, jina lake Kisyeri. Alikuwa askari kule Burma. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hewa, goti la mtu mzima linaweza kutengenezwa namna gani.

"Goti lako?"

"La mtu fulani."

"Njia ya mwongo ni fupi, mura, kijana wangu. Goti la nani?"

Nikamwambia ni la Mzee Nyangwine. Barua sikuitaja. Akacheka, akavuta suruali juu, akanionyesha kovu kutoka pajani hadi kwenye ugoko. "Hili lilipasuliwa na chuma. Nililala hospitali miezi mitatu. Siku ya kwanza sista wa Kizungu akaniambia nikaze paja. Nikamwona mwendawazimu, kidonda kiko gotini, yeye anataka paja! Lakini sikiliza. Goti ni jembe la plau. Paja ndiye ng'ombe anayelivuta. Ukimfungia ng'ombe zizini miezi sita ukimwambia apumzike, utalima na nani?"

Nikakumbuka maneno ya Simioni: pumzika, baba mdogo.

Jumatatu, 11 Machi

Kisyeri amekuja nami alfajiri, Simioni alipokuwa akikamua. Alilishika goti la mzee, akalikunja, akalikunjua. Lilisikika kama mtu anayetafuna mahindi makavu.

"Tata, ule ulaini ulio kati ya mifupa umelika," akasema. "Huo sina wa kukurudishia. Lakini paja naweza kukurudishia, nalo litalibebea goti mzigo."

"Kwa dawa gani?"

"Kwa jasho."

Mzee akanitazama mimi. "Umeniletea tabibu asiye na mfuko."

Hata hivyo alikubali kulala chali. Kisyeri alikunja blanketi, akaliweka chini ya goti, akamwambia aligandamize kwa nyuma ya goti mpaka paja liwe gumu, alishikilie, kisha alegeze. Niliweka kiganja juu ya paja. Lilitikisika kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi. Namshukuru Mungu kwa mtikisiko huo.

Jumanne, 12 Machi

Mvua.

Jumatano, 13 Machi

Nakwenda kila alfajiri. Nikiulizwa, najibu kwamba namsomea mzee Injili. Kwa kuwa kumsingizia Mungu ni dhambi kubwa, namsomea kweli sura moja kabla ya kuanza.

Leo nilianza kuhesabu migandamizo. "Moja, mbili—"

"Nyamaza!" Mzee alikaa wima kwa ghadhabu. "Unahesabu nini?"

"Mguu wako, tata. Mara unazokaza."

"Mtu hahesabiwi! Ng'ombe hahesabiwi! Ukitaka kitu kiishe, kihesabu. Shule hamkufundishwa?"

Nikapendekeza tutumie aya za Injili. Akasema aya hazifahamu vizuri. Halafu akacheka peke yake. "Nitawataja ng'ombe. Kumtaja si kumhesabu." Akakaza paja, akasema polepole: "Mwekundu, binti wa yule mwenye pembe iliyovunjika, aliyetoka kwa wakwe zangu mwaka wa njaa." Akalegeza. Akakaza tena: "Mweusi mwenye nyota, ndugu yake."

Kila ng'ombe ana mama yake na safari yake, kwa hiyo mkazo mmoja unadumu muda ule ule aliotaka Kisyeri. Nilimsimulia dresa, akapiga paja lake kwa furaha.

Jumatatu, 25 Machi

Sasa ananyanyua mguu. Mmoja unakunjwa, wa pili unanyooshwa na kuinuliwa shibiri mbili kutoka chini, ng'ombe mmoja, kisha unashushwa bila kuangushwa. Leo ameweza ng'ombe sita kwa mguu wa kulia. Nimejikuta natabasamu barazani nikiandika faini.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua ya mawe. Barabara ya Tarime imekatika. Namshukuru Mungu kwa bati.

Jumapili, 31 Machi

Nimeharibu kila kitu.

Jana nilimwambia mzee kwamba sitafika leo kwa sababu ya ibada. Nikasema, "Fanya mwenyewe, tata, mpaka zizi liishe." Nilikuwa na maana ya zizi lililoko hapo uani, ambalo nimeliona kwa macho yangu: ng'ombe kumi na wawili. Idadi naiandika hapa kwa sababu hasikii.

Alasiri nilipita kumsalimu. Magoti yalikuwa ya moto na yamefura, na mzee alikuwa akiuma ukingo wa blanketi. Kumbe zizi la mtu kama yeye haliishii uani. Aliwataja wa nyumbani. Akawataja aliowakopesha marafiki wa Kisaka, ambao bado ni wake. Akawataja waliotolewa mahari kwa wanawe watatu, ambao sasa wanaishi mbali, pamoja na ndama waliozaliwa huko. Alipoona anaendelea vizuri akawataja na waliokufa kwa ugonjwa. Kila mmoja mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mbona hukusimama ulipoona unaumia, tata?"

"Ningemwacha nani? Nikimtaja mmoja nikamruka ndugu yake, si nimemtupa?"

Simioni alikuwa amesimama mlangoni. "Nani amemchezea baba mdogo? Jana alikuwa mzima. Wewe karani, unamsomea nini hasa?"

Niliona kazi yangu inaondoka, na jina langu linakokotwa barazani: karani aliyemroga shahidi. Mzee akasema kwa sauti ya uchovu, "Niliamka mwenyewe kutafuta moto, nikaanguka. Muulize Mungu, si karani."

Amenidanganyia. Mtu niliyemwumiza amenidanganyia. Nimerudi nyumbani nikapiga magoti, magoti yangu haya yasiyouma, nikaona aibu kuwa nayo.

Jumatatu, 1 Aprili

Kisyeri amenikaripia kama koplo. "Maumivu ya kazi hulala usiku, na asubuhi yameondoka. Maumivu yanayoamka nawe na uvimbe ni amri ya kupunguza. Siyo kuacha. Kupunguza!" Siku nne tusiinue mguu. Kukaza tu, na kitambaa cha maji baridi ya kijito juu ya magoti.

Ijumaa, 5 Aprili

Uvimbe umeshuka. Tumekubaliana na mzee: ng'ombe wanaokamuliwa tu. Wengine wote wako malishoni na hawaitwi.

Jumapili ya Pasaka, 21 Aprili

Kristo amefufuka. Ng'ombe wanane, miguu yote miwili. Bwana, asante.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwambia Bhoke.

Sikupanga. Nilikutana naye akipalilia ulezi wake pembeni mwa njia, mtoto mgongoni, nikamwamkia, naye akaniamkia kwa heshima kama watu wanavyoamkia kalamu. Sikuweza kuivumilia heshima hiyo. Nikaitoa barua kutoka kwenye Biblia, nikampa. Hajui kusoma, lakini aliujua muhuri.

"Hii si ile yangu?"

"Ndiyo, mama. Niliiweka mahali pasipo pake. Hakimu hakuiona."

Alikaa chini palepale kwenye matuta. "Kila Jumatatu nilikuja barazani nikakaa kwenye lile gogo. Ukanipita. Ukaniambia, bado, mama. Nikasema moyoni, mtoto yule amesoma, anajua."

"Nisamehe."

"Ninyi wasomi mna kazi. Mnaandika tunachosema, halafu mnakificha ili tusikipate tena." Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikikosa kipande kile, watoto wa Mokami watakula mawe. Huko juu ni mawe matupu."

Nikamweleza habari za mapaja, blanketi, na ng'ombe. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa hakimu kukiri yote mawili.

"Ukikiri kesho watakuondoa kesho. Nani atamnyanyua mzee mguu? Mimi siwezi kuingia pale, Simioni ataniona. Maliza kwanza ulichoanza. Halafu ukakiri, nami nitakaa kwenye gogo langu nikusikilize."

Akanyanyuka, akashika jembe. "Na umwambie mzee asile maziwa tu. Mtu anayelima kwa paja ale dagaa na maharage."

Nilidhani nitarudi nikiwa nimehukumiwa. Nimerudi na maharage ndani ya kofia.

Jumatatu, 6 Mei

Kisyeri ameshona kimfuko cha gunia, akakijaza mchanga. Mzee anakaa kwenye kigoda, mfuko unafungwa juu ya kifundo cha mguu, anaunyoosha mguu mbele mpaka unyooke, anaushusha taratibu. Mchanga ni kidogo, haufiki kibaba. "Ukizidisha nitakuripoti kwa hakimu," Kisyeri akaniambia. Alikuwa anatania. Nilitokwa na jasho.

Jumanne, 14 Mei

Mzee amesimama kutoka kitini bila kushika kitu, mikono imekunjwa kifuani! Kiti ni kirefu, ni kweli. Lakini amesimama. Alikodoa macho kana kwamba ni mtu mwingine aliyesimama.

Jumatano, 22 Mei

Wiki hii hana raha. Jumatatu alisema anaumwa kichwa. Jana alisema ni baridi. Leo nilimkuta amelala, amegeukia ukutani, na mfuko wa mchanga ameumwaga.

"Tata, zimebaki wiki nne."

"Najua. Kwani sijui?"

"Mguu unauma?"

"Mguu hauumi." Nje maziwa yalikuwa yakidondoka kwenye kibuyu. "Mura, wewe unanifundisha kutembea. Umewahi kuniuliza kama nataka kufika huko?"

Nilifikiri anamwogopa Simioni, kwamba akishuhudia dhidi ya nyumba ya kaka yake atakosa wa kumletea maziwa. Sasa naanza kumtazama Simioni kwa jicho lingine. Kumbe kumbeba ndiko kulikomlemaza! Na anayefaidika na ulemavu ule ni nani? Naandika kwa hasira. Huenda kesho nitafuta.

Alhamisi, 23 Mei

Sijafuta. Nimerudi na mchanga mpya. Mzee alinyoosha mguu nikafunga mfuko.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua zimepungua. Sasa tunafanya kizingiti: apande jiwe la mlangoni, ashuke, apande tena. Kushuka ndiko kunakomshinda, na njia ya mpaka ni mteremko karibu yote. Kisyeri amemfundisha neno la hospitali ya askari: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mbovu utangulie, fimbo ikiwa nao. "Yote miwili ni mibovu," mzee akasema. "Basi chagua uliokukosea zaidi."

Jumamosi, 8 Juni

Kutoka mlangoni hadi zizini na kurudi. Mara tatu. Simioni alikuwa ameenda mnadani.

Jumatano, 12 Juni

Simioni ametuona.

Alirudi mapema, akamkuta mzee katikati ya uwanja, fimbo mkononi, mimi nyuma yake. Maziwa aliyobeba yalimwagika kidogo. Nilingoja matusi. Alisema tu, "Baba mdogo, unatembea," kisha akaingia zizini, akakaa humo muda mrefu. Sijui alikuwa anafanya nini humo. Ng'ombe walikuwa wameshatoka.

Jumatatu, 17 Juni

Siwezi kuandika. Kesho ndiyo siku.

Jumanne, 18 Juni

Naandika jioni, jua bado lipo. Nitajaribu kuandika kila kitu kama kilivyotokea.

Watu walikuwa wengi, wazee upande wa juu, wanawake upande wa chini karibu na Bhoke. Hakimu Machage alivaa koti lake jeusi. Simioni alikuwa ameandaa machela ya miti miwili na ngozi, "kama itahitajika," akasema, na watu wakaguna. Mimi nilishika ubao wangu wa kuandikia.

Mzee Nyangwine alivua viatu vya matairi, akavipanga vizuri, akainuka kwenye kigoda bila kushikwa. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele akanyamazishwa. Mzee akaanza kutembea kutoka kwenye miamba ya juu.

Hatua za kwanza nilisikia midomo yake ikitaja ng'ombe. Mteremko ulipoanza akaacha, akawa anashusha mguu wa kushoto, fimbo, kisha wa kulia, kushoto, fimbo, kulia. Jasho lilimtoka. Alipumzika mara mbili akiegemea fimbo. Kisyeri alikuwa kando yangu, ananong'ona kwa meno, "Kaza paja, kaza paja, mzee."

Katikati ya mteremko udongo ulikuwa bado na utelezi. Mguu wa kulia ulikimbia. Mwili mzima uliyumba. Simioni aliruka mbele, mikono imenyooshwa.

"Baba mdogo, nishike!"

Angemgusa, ingekuwa mwisho. Hakimu aliinua mkono.

"Usiniguse, mwanangu," mzee akasema. Alikaza. Niliona paja lake likijitokeza chini ya shuka, msuli ule ambao mwezi wa tatu ulikuwa mtikisiko wa nzi. Ulimshika. Akasimama wima. Na nilipomtazama Simioni, mikono bado iko hewani, niliona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyekosa hila. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona baba yake akikaribia kuanguka.

Mzee akaendelea. Akafika kwenye safu ya mikonge, ambayo Bhoke siku zote alisema ndiyo mpaka. Watu wakavuta pumzi. Hakusimama. Akaivuka mikonge. Akaingia kwenye ulezi wa Simioni, na kutoka hapo akakata kushoto akaingia kwenye ulezi wake mwenyewe, shamba lake Nyangwine, akaenda mpaka karibu katikati. Akachoma fimbo ardhini.

"Hapa."

Hakimu alikunja uso. "Mzee, hapa ni kwako."

"Hapa ni kwa Mokami. Tulisimika jiwe mahali hapa, mimi na kaka yangu na marehemu wawili. Mwaka wa nzige watoto wangu walikuwa na njaa. Mokami hakuwa na mwanamume wa kumsemea. Niling'oa jiwe nikalitupa kijitoni, nikalima upande wa kwangu, nikamwambia kaka yangu alime na upande wa kwake. Baadaye kaka alifariki. Simioni alikuwa mtoto. Alirithi uongo wangu akidhani ni shamba." Akageuka. "Mwanangu, hukuiba. Mimi ndiye niliyeiba nikakuachia."

Simioni alikaa chini katikati ya ulezi, mikono kichwani. Bhoke hakupiga kigelegele. Alimwendea mzee, akasimama mbele yake, na kwa kuwa haruhusiwi kumshika mpaka hakimu afunge shauri, alibaki tu pale, karibu, ili akianguka amwangukie yeye.

Nikaelewa sasa ukutani alikuwa anatazama nini wiki ile ya Mei. Nilimfundisha kwa wiki kumi na nne namna ya kufika mahali ambapo yeye peke yake alijua patamwaibisha, naye aliendelea kunyoosha mguu.

Hakimu alipomaliza kutamka kwamba ardhi yote mpaka kwenye fimbo ni ya nyumba ya Mokami, nikasema, "Mheshimiwa, nina neno." Nilimwambia yote mbele ya watu, barua na mapaja. Sauti ilikuwa ya mtoto. Bhoke alikuwa amekaa kwenye jiwe, ananisikiliza kama alivyoahidi.

"Ulimfundisha pa kupita?" hakimu akauliza.

"Sikupajua, mheshimiwa."

"Hilo nimeliona. Wakati anavuka mikonge, uso wako ulishangaa kuliko wa Simioni." Akaifunga kalamu yake. "Barua itaandikwa kwenye rekodi yako, na hutapanda daraja mwaka huu. Na karani aliyeshika mguu wa shahidi hawezi kukaa baraza hili tena. Jumatatu ijayo utaripoti baraza dogo la Kisaka." Alianza kuondoka, akarudi hatua mbili, akasema chini kwa chini, "Huyo dresa yupo lini? Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi."

Alhamisi, 20 Juni

Simioni amekuja nyumbani kwangu. Nilifungua mlango nikiwa tayari kwa lolote. Alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Kisyeri anasema mzee akiacha mazoezi paja litakwisha tena kabla ya vuli. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na kumbeba kulimwumiza?"

"Kumbeba siku zote, ndiyo. Hukujua."

"Sikujua mengi." Akafuta uso kwa kofia. "Wewe unaondoka. Nifundishe."

Nikatandika blanketi sakafuni. Mtu mkubwa yule, mwenye ng'ombe na wake wawili, akalala chali katika chumba cha karani, akakaza paja. Tulipofika kwenye kutaja ng'ombe alianza na wale aliowatoa baba mdogo kwa ajili ya mahari yake.

Mwezi wa Mei niliandika juu yake maneno ya hasira. Nayaacha pale yalipo ili niyaone.

Kisaka, Ijumaa, 12 Julai

Baraza hapa ni vyumba viwili na wasikilizaji wengi ni mbuzi. Nimepokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Mama mwenye nyumba yangu, Efrazia, ana miaka sitini na anashuka kilima kinyumenyume kama mtu anayeshuka ngazi. Tulianza Jumatatu na blanketi. Yeye hana ng'ombe wa kutosha, anawataja wajukuu.

Ukisoma hapa na una mtu mwenye magoti mabovu, usiandike barua kwa baraza. Barua hupotea, mimi najua. Panda lori la pamba linalotoka Tarime Jumanne, uvuke mto Mara kwa kivuko, ushuke panapogeuka njia ya Morotonga, kisha tembea ukiwa na jua la alasiri mgongoni mpaka uone nyumba ya udongo mwekundu yenye dirisha la bluu. Jumapili baada ya ibada nipo. Siku nyingine nipo alfajiri tu. Usiponikuta, mwachie Efrazia ujumbe: hajui kusoma lakini hasahau. Mwambie mtu wako anakaa wapi, kama kushuka kunamsumbua kuliko kupanda, na ni goti la kulia, la kushoto, au yote mawili.